Kanga na Kichuguu Chao

Paliondokea kanga arobaini wa porini, ndege wa kuchosha, waliokuwa hawanywi maji mpaka wazunguke kichuguu mara saba. Kwa nini, hakuna aliyejua.

Siku moja ya jua kali, kifaranga cha Mashungi kikazimia kwenye mzunguko wa tano. Uvumilivu ukamwisha mama mtu. Akamnong'oneza jirani yake, Madoa, "Hivi wewe, shoga, kichuguu hiki unakipenda?"

"Nakichukia. Lakini nitafanyaje, na wenzetu wanakipenda?"

Mashungi akawauliza wote kwa siri, mmoja mmoja. Jibu likawa lilelile.

"Sasa hao wenzetu ni akina nani?" akafoka, akaitisha kikao papo hapo. "Asiyetaka kuzunguka kichuguu ainue bawa."

Wakatazamana. Kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze. Mashungi naye, bawa kalibana mbavuni, akasubiri.

Kwa kuwa hakuna aliyeinua, kikao kikaamua kwamba kichuguu kinapendwa na wote. Kesho yake wakazunguka mara nane. Mashungi ndiye aliyetangulia, asije akashukiwa, na kifaranga chake kikaburuta miguu nyuma yake.