Udongo wa Dativa

Dativa alifika kwenye kaburi la baba yake pale Idete akiwa bado amevaa jezi ya timu ya taifa ya kriketi. Kocha alikuja nyuma yake, kofia mkononi.

Alipiga magoti, akachota konzi moja ya udongo, ule ambao kila mtoto hummwagia mzazi wake kabla jeneza halijafukiwa. Ndugu zake walishamwaga. Yeye alikuwa uwanjani.

"Shangazi, mbona hamkunipigia?"

"Tulikupigia, mwanangu. Kocha wako akapokea."

Jioni kabla ya kila mechi kocha hukusanya simu za wachezaji kwenye ndoo. Dativa, kapteni, ndiye huanza kuweka yake, ili wengine wasinung'unike. Asubuhi ya fainali alimuuliza kocha kama nyumbani wamepiga, maana mzee alikuwa anaumwa. Kocha alikuwa ameinama, anamfungia miguuni mikanda ya pedi za kujikinga na mpira.

"Kwenu wazima," alimjibu. "Nenda kapige mpira."

Sasa kocha alisema kwa sauti ndogo, "Ungejua, usingeweza kucheza."

Shangazi aliwatazama wote wawili. "Kwani, Dativa, si wewe uliyemtuma? Tulipopiga, mzee alikuwa bado anasikia. Tulimwekea simu sikioni apate sauti yako. Akasikia mwanaume anasema, 'Dativa amesema hawezi kuacha fainali.' Akageukia ukutani. Hakuongea tena."

Dativa aliinuka. Udongo wa baba yake ulikuwa bado mkononi.

Akamgeukia kocha.