Mfungwa wa Kiwembe

Wanaojua wanasimulia kwamba katika mzinga mmoja uliotundikwa uani, nyuma ya jiko, aliishi nyuki mlinzi aitwaye Kiwembe, ambaye hata siafu walimkwepa. Siku moja alimkamata Mbawakawa, mdudu mweusi mla masega. Mwiba haukupenya gamba lake, basi Kiwembe akamsukumia ndani ya ufa wa mzinga na kumzibia humo kwa gundi ya miti, akaacha kitundu cha kumchungulia.

"Mlinzi wangu," Mbawakawa akanong'ona, "njaa inaniua." Akapenyeza mguu mwembamba, akampapasa sharubu polepole, kama nyuki wanavyopapasana wakiombana asali.

Kiwembe akasinzia macho wazi. Akaona maua ya mkaratusi yakielea kama mawingu, na mvua ya asali ikinyesha bila sauti. Alipozinduka, alikuwa amekwisha kumlisha adui yake.

Ikawa hivyo kila siku. Mfungwa akanenepa, mlinzi akakonda. Lango likabaki bila mtu, na ndugu zake Mbawakawa wakaingia makundi kwa makundi, hata asali ikachacha na masega yakaoza.

Malkia akatangaza safari. "Kiwembe, mwanangu, twende! Hapa si kwetu tena."

Kundi zima likapaa. Kiwembe peke yake hakubanduka pale kitunduni.

"Tangulieni, mama," akasema. "Nikiondoka mimi, huyu atatoroka."

Ndani ya ufa, Mbawakawa akapiga mwayo, akanyoosha mguu, akazitafuta tena sharubu za mlinzi wake.