Dole Gumba la Mzee Mwinshehe

Wino ulikuwa wa kutosha, lakini dole gumba la Mzee Mwinshehe liliacha doa jeusi tupu, kama punje ya harage, bila mstari hata mmoja.

"Bonyeza tena, mzee wangu," akasema Profesa. Alikuwa ametoka kufundisha sheria Chuo Kikuu, akaja Kimamba kuandika jinsi wakulima walivyohamia vijiji vya ujamaa. Kila aliyehojiwa alitia dole kwenye maelezo yake.

Likatoka doa lile lile.

"Utanibonyezesha mpaka kesho," mzee akasema, akilitazama jalada la Profesa kwa jicho la pembeni. "Miaka ishirini na sita nimeilisha mashine mkonge. Ngozi ya vidole ilikwenda na mkonge."

Profesa akafungua jalada aliloazima ofisi ya vijiji. Karatasi ya tatu, ya mwaka jana, ilisema Mwinshehe ametoa shamba lake kwa hiari. Chini yake palikuwa na alama ya dole, mistari yake imezungukana safi, unaweza kuihesabu. Pembeni, saini ya shahidi. Mwandiko ule aliujua. Alikuwa ameusoma miaka mitatu akisahihisha mitihani.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa msimamizi wa vijiji, aliyekuwa akimwendesha kwa gari tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Mwinshehe akampa mgongo.

"Nikubebee jalada, Profesa?" kijana akauliza, akinyoosha mkono.

Profesa akalikumbatia jalada, macho yake kwenye dole gumba la ule mkono.