Chai ya Mnanaa

Mama mkwe aliweka kikombe cha chai ya mnanaa mbele ya Rhobi. "Kunywa, mwanangu. Kichefuchefu kitatulia."

Rhobi hakuwa amemwambia mtu kwamba ana mimba tena. Ya kwanza ilitoka mwaka ule alioolewa hapa Butiama, baada ya kunywa dawa ya mama huyu huyu.

Alinusa. Harufu kali ya mnanaa ilimfungua pua. Ndani ya kikombe, chini kabisa, jani moja lilikuwa jembamba kuliko mengine.

"Mama, anza wewe."

Mama mkwe alimtazama. Akakichukua kikombe, akapuliza, akanywa mpaka nusu, akamrudishia.

"Umefanya vizuri," alisema. "Mimi nilikuwaga nakunywa tu chochote alicholeta mama mkwe wangu."

Rhobi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa bado cha moto.