Pumzi ya Asubuhi

Kila asubuhi Munyakazi, fundi cherehani, hupita ziwani kwa dada yake mkubwa muuza samaki na kumpulizia pumzi usoni. Ndivyo walivyokubaliana alipoacha pombe ya ndizi, mwaka vita vya Wazungu vilipokwisha.

Leo pia dada alifuta magamba mikononi, akafumba macho, akasogeza pua.

"Bon. Iko safi. Enda kazi."

Munyakazi hakuondoka. Mfukoni, kidole gumba kilikuwa kikisugua kizibo cha chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Kikohozi kilipona zamani. Dawa ndiyo iliyobaki. Asipoionja, mikono humtetemeka hata uzi usiingie sindanoni.

"We unangoja nini?"

Angeweza kwenda zake. Pua ya dada ilikwisha kumruhusu, kama jana, kama juzi.

Aliitoa chupa, akaiweka katikati ya samaki.

"Dada, hii hainuki pombe. Lakini mi nimeanguka tena."

Dada hakuigusa. Alimshika kidevu kwa vidole vyenye shombo, akamgeuza uso kwenye jua hadi akafumba macho.

"Basi sitanusa tena mudomo," alisema taratibu. "Fungua macho, niyaangalie."

Munyakazi akayafungua.