Nafasi Moja Mji wa Kale

Sheria ya utalii endelevu imeuwekea mji wetu wa kale kikomo cha idadi ya watu, eti kuta zisichoke, na sisi wenyeji tunahesabiwa pamoja na watalii. Siku aliyofariki mama, mji ulikuwa umejaa. Wajomba zangu wakazuiwa langoni.

"Nani atabeba jeneza?" nilimfokea Shekue, mlinzi wa lango, aliyekulia jikoni kwa mama.

"Pole, ndugu yangu. Si mimi, ni sheria."

Tukalibeba wanne, bila wa kutupokea, mabega yakituwaka moto. Watalii walitupisha kwa adabu, hata kamera wakazima.

Tulipovuka lango kwenda makaburini, taa ya kuhesabu watu ikawaka kijani. Sisi tungerudi, mama asingerudi.

Shekue alifuta machozi, akamgeukia mtalii wa kwanza kwenye foleni.

"Karibu. Nafasi imepatikana."