Maji ya Unga

Kila waliposimama njiani, watu waliipita pikapu ya Hamduni wakaenda kuipapasa boti aliyokuwa akiivuta. Waliuliza ni ya nani, na Sudi, mdogo wake, akajibu kuwa ni yake. Gari hakuna aliyeliulizia, ingawa ndilo lililopanda milima na kuvuka matope tangu alfajiri.

Ziwa lilikuwa bado mbali. Walipomaliza kula kwa mama yao, mama aliizunguka boti akiinyunyizia maji ya unga wa mtama, kama wafanyavyo kwa chombo kipya, huku akimwombea Sudi. Hamduni aliegemea mlango wa pikapu. Siku alipoileta pikapu hiyo ikiwa mpya, mama alikuwa na wageni. Alimwambia tu aendeshe polepole.

Kwenye bakuli yalibaki maji kidogo. Hamduni akainua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta.

"Mama, hayo yaliyobaki nipe mimi. Gari lina kiu."

"Kaka, unga utaziba rejeta," Sudi akasema. "Tutakwama njiani."

"Gari ni langu."

Mama akasogea na bakuli, akachungulia. Injini ilikwishapoa, na rejeta ilikuwa imejaa pomoni. Akamtazama mwanawe mkubwa, aliyekishika kile kifuniko kwa mikono miwili kama mtoto aliyerudisha sahani aongezwe chakula.

Akachovya vidole kwenye maji, akainua mkono, ukabaki hewani kati ya boneti na paji la uso la Hamduni, ukidondosha matone meupe.